Kipima-Maji cha Mto Mkavu

Asubuhi hiyo fundi alitoka nyumbani ameshiba chai na hasira. King'ora cha mafuriko kilikuwa kimelia wiki nzima, kiangazi, mto ukiwa mchanga mtupu. Mkuu wake alikuwa amechoka na malalamiko ya watu. "Kitengeneze. La sivyo, leo tunakizima."

Kwa mkuu ilikuwa rahisi kusema. Lakini katika nyumba ya mwisho kandokando ya mto alikaa dada wa fundi na wanawe.

Saa sita mchana fundi na dereva wake walifika kwenye kipima-maji kinacholiza king'ora. Kioo chake kilisoma mita moja.

"Dada, hapa pana wenyewe, mizimu ya mto," dereva alimnong'oneza fundi, yule aliyebandikwa jina la Breki kwa kuogopa mwendo. Hakushuka garini.

"Kama wapo, waje wanishikie bisibisi."

Kazi yake ina utaratibu: unabadilisha kitu kimoja, unasoma, ndipo unagusa kingine. Kitakachoondoka na kasoro ndicho kibovu. Akabadilisha kihisi kinachopima kina. Mita moja. Waya. Mita moja na zaidi. Betri. Kwenye kioo, maji yakapanda. Akatoa kisanduku kipya cha kusomea kwenye boksi lake, akakiwasha bila kukiunganisha na kihisi. Kikasoma mita moja na robo, kina cha kifua chake.

Kila kitu kilikuwa kimebadilishwa, isipokuwa fundi.

Ndipo baridi ikamshika vifundoni. Magotini. Kiunoni. Mchanga mkavu, jua linachoma. Baridi ikafika shingoni, ikatulia.

"Dada," Breki aliita kutoka garini. "Nywele zako."

Zilikuwa zinaelea. Ziliyumba taratibu, zote upande mmoja, kule mto unakoelekea. Upepo haukuwepo.

Fundi aliinua kidevu. "Sibanduki. Mnataka nikimbie, king'ora kizimwe, mpite kimyakimya mpaka kwa dada yangu. Nimeshawajua. Hakizimwi!"

Akaunganisha nyaya. Akakaza skrubu moja moja, hadi ya mwisho. Nywele zikaanguka mabegani.

Akampigia mkuu. "Vifaa vyote vizima. Ukitaka kukizima, njoo usimame hapa niliposimama, ukizime mwenyewe."

Mkuu hakuja, na king'ora kikaendelea kulia.

Jioni alipopita kwa dada yake, dada ndiye aliyeuona: mstari mwembamba wa tope umemzunguka shingoni, kama ule unaoachwa na mafuriko ukutani. Nguo zilikuwa kavu. Wakasugua kwa sabuni. Haukutoka.

Asubuhi iliyofuata mstari ulikuwa umepanda hadi kidevuni. Fundi akajitazama, akabeba begi la vifaa, akarudi mtoni kuhakikisha king'ora hakizimwi.