Alama Nyeupe Mbele ya Nyumba ya Mavis

Kila Ijumaa asubuhi Mavis Haworth hupiga magoti mlangoni na kusugua ngazi ya nyumba yake. Akimaliza ngazi, husugua na mawe yaliyotandikwa njiani mbele ya nyumba, ingawa njia ni mali ya halmashauri. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake pia. Katika Mtaa wa Albion, pale Thornclough, kaskazini mwa Uingereza, anayefanya hivyo sasa amebaki yeye peke yake. Majirani wanamwonea huruma. Yeye anawaona wachafu.

Akiwa anasugua, macho yake hayatulii. Anajua gari la nani limeegeshwa wapi na nani kaletewa kifurushi. Akipita mtu mgeni, Mavis huacha kusugua mpaka mtu huyo apotee.

Mwezi wa Machi gari la mizigo lilipanda juu ya njia ya waenda kwa miguu, likavunja jiwe mbele ya nyumba hiyo. Upande mmoja wa jiwe ulizama, upande wa pili ukainuka. Mumewe Mavis, Mzee Clifford, hutembea kwa kusukuma fremu yenye magurudumu. Gurudumu likanasa kwenye lile jiwe, naye akaanguka kifudifudi. Bahati yake hakuvunjika mfupa, ila jicho lilivimba vibaya.

Tangu hapo Clifford hakutoka tena. Alishinda kwenye kiti cha dirishani, na miguu ikaanza kulegea. Binti yao, Gaynor, akapiga simu kutoka mji wa Leeds.

"Mama, baba akianguka tena utamwinua wewe? Na asipotembea ndiyo basi tena. Nimeona nyumba nzuri ya kutunzia wazee. Nikutumie picha?"

"Kaa nazo picha zako," alisema Mavis, akakata simu. Alikuwa na mume huyu tangu ujana, na hakuwa tayari kumwona akipelekwa kulala kwa watu.

Mtaa mzima ulilisema lile jiwe. Walilisema malangoni na walilisema kanisani. Kila mmoja aliamini kwamba mwenzake ameshatoa taarifa.

Ng'ambo ya barabara aliishi Rukhsana, anayefanya kazi kwenye duka la dawa. Asubuhi moja alimkuta Mavis langoni.

"Bi Mavis, umeliripoti hilo jiwe?"

"Niripoti kwa nani? Halmashauri? Wale wanajua kudai kodi tu."

"Siku hizi ni kwenye simu. Unaingia kwenye tovuti yao, unaonyesha mahali kwenye ramani, unatuma na picha. Kazi ya muda mfupi tu."

"Halafu wajue jina langu, wajue ninapoishi, wajue na mume wangu hajiwezi? Kesho yake nitaletewa mtu wa ustawi wa jamii na mkoba wake, aje kumpima Cliff kwa macho. Asante sana. Sitaki."

Rukhsana akaguna, akaenda zake kazini.

Haukupita muda, mwanamume mwenye koti la njano akasimama mbele ya nyumba. Mavis alimwona kupitia pazia. Mtu yule alipima jiwe kwa rula. Alipiga picha, na mlango wa Mavis ukaingia kwenye picha. Kisha akatoa kopo, akapuliza rangi nyeupe kuzunguka jiwe, akaondoka bila kubisha hodi.

"Cliff! Umemwona yule?"

"Nimemwona. Ana koti la kazi."

"Koti! Koti hata mimi nitalipata sokoni. Hukusikia walivyosema kanisani? Wezi wanaweka alama kwenye nyumba za wazee, ili wenzao wajue pa kuingia."

"Waingie waibe nini humu? Mimi?"

"Cheka tu. Watakapokubeba na kiti chako ndipo utanyamaza."

Siku hiyo haikuwa Ijumaa, lakini Mavis alichukua ndoo, brashi na dawa kali ya kusafishia. Alisugua mpaka viganja vikamwaka moto. Hakubakisha hata tone la rangi.

Wiki iliyofuata likaja lori. Mafundi wawili walishuka, wakatembea huku na huko wakitazama mawe, kisha wakaitazama nyumba yake. Mavis hakuwa na shaka tena. Aligonga kioo na kuwaonyesha simu, wajue kwamba anaita polisi. Mafundi wakatazamana, wakapanda lori lao, wakaondoka.

Jioni Rukhsana alibisha hodi, uso ameukunja.

"Bi Mavis, halmashauri wamenichosha. Mimi ndiye niliyeripoti lile jiwe. Mkaguzi kaja, kaliwekea alama. Leo nimeletewa ujumbe kwamba mafundi wamefika, hawakuona alama, na taarifa imefungwa. Hawakuona vipi? Rangi yote ile!"

Clifford akakohoa kwenye kiti chake.

"Mwambie, bibie."

"Nimwambie nini?"

"Habari za brashi."

Ikabidi aseme, huku uso umemwiva kwa aibu. Rukhsana alimtazama, akajaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Ile rangi ni maagizo kwa mafundi! Mkaguzi hupima, akaweka alama. Mafundi ni watu wengine, wao hutafuta rangi tu. Mtaa huu nusu ya mawe yake yamepinda. Bila rangi watajuaje wang'oe lipi?"

"Na wewe kwa nini uliripoti bila kuniambia?"

"Ungekubali?"

"Nisingekubali."

Mavis alimtazama mumewe. Miguu yake ilikuwa imenyooka mbele ya kiti, miembamba, ndani ya soksi za sufu. Akavuta kiti mezani.

"Haya, nionyeshe. Lakini nitabonyeza mwenyewe."

Walianza na ramani, kuona kama mtu mwingine ameshalitaja jiwe lile. Palikuwa na ile taarifa iliyofungwa tu, hivyo wakaanza mpya. Mavis alipogusa ramani, alama ikadondokea upande wa pili wa barabara.

"Isogeze," alisema Rukhsana. "Ikikaa vibaya watakwenda kutazama mlangoni kwangu."

Walitoka nje kupiga picha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya karibu, na rula imesimamishwa kando ya jiwe. Ya pili ilikuwa ya mbali kidogo, ili nyumba ionekane. Rukhsana alimsogeza jirani mmoja kando, maana sura za watu hazitakiwi. Waliporudi ndani, Mavis akaanza kuandika: "Nyie wavivu..."

"Futa hiyo. Andika tatizo lenyewe, lilipo, na limemdhuru nani."

Mavis akaandika kwamba jiwe limevunjika mbele ya mlango wake, upande mmoja umeinuka, na mzee mwenye fremu ameanguka hapo. Kidole kikasita.

"Watamtaka jina, huyo mzee."

"Umeona mahali wanapouliza?"

Mavis alitafuta juu na chini. Hakuona.

"Na benki je?"

"Ukiona tovuti inataka namba ya benki ili uripoti jiwe, ifunge haraka. Huo ndio wizi wenyewe. Hawa wanataka anwani ya barua pepe, wapate pa kukujibu. Na jina lako, ukichagua hapa, halionekani kwa watu."

"Na likitokea shimo la kummeza mtu? Au nyaya za umeme zimeanguka?"

"Hapo usiandike. Piga simu, papo hapo."

Mavis akabonyeza. Namba ya taarifa ikaja, akaiandika pembeni ya kalenda.

Mkaguzi aliporudi na koti lake la njano, alimkuta Mavis langoni anamsubiri.

"Kitambulisho."

Akakitoa. Mavis alikisoma mbele na nyuma.

"Namba ya taarifa?"

"Mama, mimi nina kazi nyi..."

"Namba."

Akaisoma, ikalingana na ile ya kwenye kalenda.

"Haya, puliza. Tena puliza nene."

"Safari ile ilifutika, sijui vipi," alisema mkaguzi. "Labda mvua."

"Labda," alisema Mavis, akatazama pembeni.

Ijumaa ilipofika alisugua mpaka ukingo wa rangi, akajizuia. Iliuma, lakini alivumilia. Lori likaja. Mafundi waling'oa jiwe, wakashindilia mchanga, wakalaza jiwe jipya. Walipoondoka, Mavis alipanda juu yake, akapiga kisigino mara kadhaa. Halikutikisika. Ndipo akamtoa Clifford, amemkamata mkono.

"Niachie," alisema Clifford.

"Utaanguka."

"Mavis. Niachie, mke wangu."

Akamwachia, kidole baada ya kidole. Magurudumu yakapita juu ya jiwe bila kukwama. Clifford akaenda polepole, akafika mwisho wa nyumba, akapinda kona kuelekea dukani. Hakugeuka nyuma.

Simu ililia ndani. Alikuwa Gaynor.

"Mama, mpe baba nizungumze naye."

"Hayupo."

"Hayupo? Yuko wapi?"

"Katoka," alisema Mavis, na machozi yakamtoka palepale. "Baba yako katoka."