Wavu wa Mashine ya Twagirayezu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Swafiya alimfungia baba yake vifungo vya shati. Mzee Maneno alikuwa amepoteza vidole vinne, mkono wake ulipokamatwa na mkanda wa mashine ya kusaga mtama kule Gatsata. Wiki moja baadaye, Twagirayezu mwenye mashine aliuzungushia mkanda huo wavu wa chuma. Alikuwa ameshtakiwa kwa ajali hiyo, na kesi ingesikilizwa Alhamisi.

Swafiya alitaka kumwona akilia. Siku ya Jumatatu alisimama mlangoni pa mashine, akapaza sauti wateja wote wasikie.

"Wavu huo umekuumbua! Unaonyesha ulijua mkanda ni hatari. Tutamwonyesha hakimu, ulale jela!"

Alirudi nyumbani roho imemtulia kabisa.

Kesho yake wavu haukuwapo. Twagirayezu alikuwa ameingiwa na hofu, akaung'oa. Kabla ya adhuhuri mkanda ulinasa kitenge cha Mukandekezi, mama aliyepepeta mtama pale. Bahati nzuri kilichanika, naye akaanguka chini bila kuumia.

Swafiya alimweleza baba yake yote.

"Nilitaka aumie yeye, baba."

"Karibu aumie Mukandekezi," alijibu Mzee Maneno, akamshika mkono wakaenda kwa Bwana Munyakazi, mkaguzi wa kazi.

Munyakazi aliwasikiliza, kisha akasema, "Binti, wavu wa leo hauonyeshi kosa la jana. Tukimwadhibu mtu kwa kurekebisha, nani atarekebisha tena? Mimi nataka kujua hivi: kabla ya ajali, Twagirayezu alijua hatari iko pale?"

"Alijua," alisema Mzee Maneno. "Niliomba wavu kabla ya ajali. Hakizimana, fundi wa kuchomelea, akaja kupima. Bosi akamfukuza."

"Mbona hukusema?"

"Wote waliniuliza habari za wavu mpya tu."

Alhamisi Hakizimana alitoa ushahidi, na Twagirayezu akakutwa na hatia. Aliamriwa kumlipa Mzee Maneno fidia na kuurudisha wavu. Hakulia, na jambo hilo lilimuudhi sana Swafiya.

"Kasirika, mwanangu, una haki," alisema baba yake walipotoka mahakamani. "Ila mlaumu kwa alichokataa kufanya. Usimlaumu kwa kulinda watu, hata kama amechelewa."

Jioni ile Swafiya alikishona kitenge cha Mukandekezi na kumwomba msamaha. Tangu hapo, kila alipokwenda shule alipitia pale kwenye mashine, akautikisa wavu kwa mikono miwili kuona kama umekazwa. Kila mara Twagirayezu aliinamisha macho mpaka Swafiya aondoke.