Moshi wa Jikoni na Nguo za Komunyo

Mchana Lidwina alikuwa mkulima, jioni alikuwa fundi wa nguo. Akishatoka shambani, chini ya milima ya Matogoro, alinawa mikono, akala, akakaa kwenye cherehani yake.

Zamani alishona kwa mwanga wa kibatari. Kibatari kina masizi, na masizi hayana huruma na kitambaa. Kwa hiyo nguo nyeupe alizikataa, ingawa kila mwaka wasichana wa parokia walizihitaji kwa Komunyo ya Kwanza. Kisha mpango wa serikali wa umeme wa jua ukafika kwao, huko ambako nguzo za umeme hazijafika. Wakafungiwa sola: paneli, betri na taa. Mwaka huu Lidwina akakubali kazi, na mama za wale wasichana wakamletea vitambaa vyeupe. Nguo zilitakiwa Sikukuu ya Ekaristi.

Kipindi chote cha mvua taa iliwaka vizuri. Mavuno yalipoanza, ikaanza kuchoka. Kila jioni ilizimika mapema kuliko jana yake, na nguo nyingi zilikuwa bado hazina mikono. Lidwina akaingiwa na hofu. Kurudisha vitambaa ni aibu. Kuwasha kibatari ni kuwachafulia watoto siku yao kubwa.

Mumewe, Leonce, hakuwa na shaka: sola ni mbovu. Mzee huyo hulilaumu jembe kabla ya kuitazama mikono iliyolishika. Fundi wa sola alikuwa ameifunga paneli juu ya nyumba kubwa. Watu walipoanza kushinda shambani wakivuna, Leonce akaogopa wezi. Akaihamishia juu ya jiko, kwa sababu mama yake hushinda humo akichochea moto. Akailaza chali kama ungo wa makopa ya muhogo. Na jiko lenyewe ni la Kingoni hasa: mahindi ya mbegu yananing'inia juu ya moto, moshi uwafukuze wadudu.

"Tumwite fundi," Lidwina alisema.

"Aje kutucheka?"

"Kuuliza si ujinga, baba Hilda. Nguo za watoto wa watu zinanisubiri."

Kesho yake akamleta Getruda, fundi wa mpango ule. Getruda akawaamkia shikamoo, akapanda ngazi na kupitisha kitambaa chenye maji juu ya paneli. Kikarudi cheusi tii.

"Baba, sola yako ni nzima," alisema. "Chakula chake ni mwanga wa jua. Moshi wa mahindi umeifunga mdomo."

Leonce alikitazama kile kitambaa. Kisha akaona njia ya kujitetea: akamwagiza mkewe alete majivu waisugue paneli kama sufuria. Getruda akamzuia haraka. Alieleza kwamba majivu na mchanga hukwaruza kioo, na kioo kikikwaruzwa hakiponi. Maji safi na kitambaa laini vinatosha. Tena isafishwe asubuhi kabla jua halijawa kali, maana kioo cha moto kikimwagiwa maji baridi huweza kupasuka.

"Na wezi je?" Leonce aliuliza.

"Tutaifunga kwa fremu ya chuma na nati, juu ya nyumba kubwa, mbali na moshi na kivuli cha miti. Itazame kaskazini, kwa sababu huku kwetu jua hupita upande huo sehemu kubwa ya mwaka. Na iinamishwe kidogo, mvua iioshe. Siku ukitaka kuihamisha tena, baba, niite kwanza."

Wakaifunga siku hiyo hiyo. Mama yake Leonce akaendelea kufukiza mahindi yake bila kumwomba mtu radhi. Jua la kipupwe likajaza betri, na taa ikarudi na nguvu zake. Lidwina akashona kwa raha, akiimba. Kila asubuhi Leonce alipanda ngazi kuitazama paneli, na ikiwa na vumbi aliifuta, ingawa hakuna aliyemtuma.

Sikukuu ikafika. Wasichana wakaingia kanisani kwa mstari, weupe kuanzia mabegani hadi miguuni, bila doa hata moja. Lidwina machozi yakamlenga.

Leonce, ambaye si mwepesi wa kusifu, akamwinamia mkewe.

"Zote zile ni zako?"

"Ni zetu," Lidwina alimjibu.