Meno ya Mwanga

“Mansuetus, usisogee. Nusu ya uso wako haipo.”

Mansuetus alikuwa akitengeneza kadi za harusi yao wenyewe, kwenye kompyuta ya duka lake la steshenari, Mbinga mjini. Akacheka, akidhani mchumba wake anamtania. Alipomwona Ottilia ameng'ang'ania ukingo wa meza, kicheko kikamkatika.

“Uso wangu upo mzima, mpenzi. Nishike.”

“Nakushika, ila sikuoni. Kwenye jicho lako kuna mwanga wenye meno kama msumeno, unachezacheza. Ukiisha, kichwa kitaniuma mpaka nitapike.”

Mwalimu Ottilia, binti wa mwambao wa ziwa kule Ngumbo, hakuwahi kumweleza mtu. Ila Jumapili iliyopita, akiwa ukweni Maguu, mwanga ulimjia akaangusha beseni la kahawa, na kwa hofu akaropoka kwamba anaona mataa. Mama mkwe mtarajiwa, Mama Kunigunda, alimtazama tu.

Simu ya Mansuetus ikalia. Ujumbe:

“MWANANGU HUYO BINTI ANA KIFAFA. MAREHEMU JIRANI YETU NAYE ALIONA MATAA AKAANGUKIA MOTONI. JUMAMOSI NAENDA KWA PADRE, TANGAZO LA TATU LA NDOA LISISOMWE. MAMA.”

“Nani?”

“Mama.”

“Anasemaje?”

Mansuetus hajui kudanganya. Akampa simu.

“Basi niache,” Ottilia alisema, machozi yakimtoka. “Nitamwonyeshaje mtu kitu kilichomo kichwani mwangu?”

Wanaume wengine wangekimbia hapo. Mimi ninayewasimulia nisingejiamini.

“Kichwa kikitulia, njoo uketi hapa,” Mansuetus alimjibu. “Utanionyesha mimi kwanza.”

Kesho yake asubuhi akafungua programu ya kuchorea, akamkabidhi kipanya.

“Huanza hivi,” Ottilia alisema. “Kidoa tu. Baada ya dakika tano kinatanuka, kinaota meno. Hapana, makali zaidi! Na katikati pasiwe na kitu.”

“Niweke nyeusi?”

“Si nyeusi. Pasiwe na kitu kabisa.”

Mansuetus akakuna kichwa. Sasa kitu kisichokuwepo kinachorwaje? Mwishowe akachukua picha yake ya kadi ya harusi, akaizungushia yale meno upande wa kulia, kisha akafuta nusu ya uso wake.

“Yesu na Maria!” Ottilia alisimama. “Hiyo! Ndiyo hiyo hasa!”

Mansuetus aliitazama. Kumbe mwanamke anayempenda amekuwa akiishi na kitu hiki tangu utotoni, na hata chaki mkononi hakuiacha.

Mchana walikuwa mbele ya Daktari Urbani wakiwa na picha tano zilizochapwa, kila moja na dakika zake chini. Daktari akampima macho, mikono na miguu.

“Umewahi kuanguka? Kupoteza fahamu?”

“Hapana, daktari.”

“Kutoka picha ya kwanza hadi ya tano?”

“Dakika ishirini.”

“Hiki ni kipandauso, mwalimu, si kifafa. Mwanga wa kifafa mara nyingi ni wa sekunde chache. Huu wako unatanuka polepole.” Akazipanga tena picha mezani, taratibu. “Miaka yote wagonjwa wananiambia wanaona mataa, nami nawaandikia hivyohivyo. Leo ndiyo nimeyaona.”

Jumamosi Mama Kunigunda akaingia dukani, kitenge kipya, rozari mkononi.

“Shikamoo, mama,” Ottilia alisema.

“Marahaba. Sikuja kukaa. Nipo njiani kwenda kwa padre.”

Mansuetus hakubishana. Akamgeuzia kompyuta, picha zikapita moja baada ya nyingine, mwanga ukitanuka mpaka nusu ya uso wake ikatoweka.

Mama akarudi nyuma, kiganja kwenye jicho la kushoto.

“Nani amekwambia?”

“Kuhusu nini, mama?”

“Nani amekwambia ninachokiona?”

Nje jenereta ilinguruma. Mansuetus na Ottilia wakatazamana.

“Igeuze,” mama alisema kwa sauti ndogo. “Yangu huanzia kushoto.”

Mansuetus akabofya, picha ikahamia upande wa pili. Mama akaketi sakafuni bila kutafuta kiti.

“Miaka thelathini na moja! Baba yako alidhani napalilia, kumbe nimelala ndani ya ngoro, shimo letu la shambani, nimejifunika majani nasubiri mataa yapite. Nilijua nikisema nitarudishwa kwetu.”

“Na mimi ungenirudisha, mama,” Ottilia alisema.

“Ningekurudisha, mwanangu. Uliposema mataa, sikujua ni haya. Nilidhani ni yangu peke yangu duniani. Nisamehe.”

Ottilia akaketi naye sakafuni, akamshika mkono. Wakazitazama picha tena, na tena.

Jumapili padre alisoma tangazo la tatu. Mama Kunigunda alikuwa ameacha benchi lake la mbele, akaenda kukaa na binti wa Ngumbo.

“Kuna mwenye kipingamizi?”

Mama akamwinamia Ottilia sikioni.

“Mwanga ukikujia usiende shambani. Njoo kwangu, tufunge dirisha, tulale wote.”