Mafua ya Mwalimu

— Fungua huu mlango, Fundi. Najua umo ndani, na hupo peke yako.

Mwalimu akapiga chafya, akafuta pua, akagonga tena. Alifundisha chekechea, na watoto wa chekechea hawana choyo: wakipata mafua humgawia mwalimu wao. Ajabu ni kwamba kila alipougua, mchumba wake, huyu fundi viatu, aliyeyuka. Simu hapokei, kibanda kimefungwa. Akipona tu, huyo anakuja na machungwa na maneno matamu. Sasa harusi imekaribia, na asubuhi hii umeingia ujumbe: "Tuahirishe harusi. Usiniulize kwa nini."

Ndani ikasikika sauti ya mwanamke. Wivu ukampanda Mwalimu.

— Mwambie huyo atoke nimwone!

Pazia likavutwa. Nyuma ya kioo cha dirisha, kitandani, alikaa wifi yake, dada wa Fundi, ambaye Mwalimu aliambiwa yuko safarini. Alikuwa amekonda, mrija puani, mtungi wa oksijeni ubavuni. Simu ya Mwalimu ikaita. Fundi alikuwa amesimama palepale dirishani, simu sikioni.

Akamweleza yote. Mafua yaliyopita mtaa mzima, wenzao wakapiga chafya yakaisha, yalimlaza dada yake kwenye mashine ya kupumulia. Kaka yao alikufa hivyohivyo, na tangu hapo Fundi alimkimbia kila mwenye mafua. Madaktari wakapima damu, wakakuta kasoro ya kurithi: virusi vikiingia, mwili wao huchelewa kushtuka, na ukija kuamka mapafu yameshashambuliwa. Fundi naye alipimwa. Majibu yalitoka jana: anayo.

— Kwa nini hukuniambia?

— Ungeacha kazi yako kwa ajili yangu. Au ungeniacha mimi. Yote mawili nayaogopa.

— Ukaona bora nikudhanie mhuni.

— Mhuni husahaulika upesi.

Mwalimu alimkasirikia, na alimpenda, vyote kwa pamoja.

— Na watoto wetu?

— Wanaweza kurithi, wanaweza wasirithi. Daktari hakuniahidi kitu.

Machozi yakamtoka Mwalimu, yakachanganyika na mafua. Fundi alipoyaona akashindwa. Akatupa simu, akaukimbilia mlango, ufunguo ukazunguka. Mwalimu akadaka kitasa kwa mikono miwili, akauvuta mlango kwa nguvu zake zote.

— Usithubutu kufungua.

— Si wewe uliyetaka nifungue?

— Nilikuwa sijui. Rudi ndani, funga. Nikipona nitakuja mwenyewe, na harusi haiahirishwi.

Haikuahirishwa. Ilifanyika uwanjani, hewa ikipita, na bibi harusi mwenyewe alisimama getini na gauni lake, akiwachunguza wageni pua. Mama yake mzazi alipofika, akapiga chafya moja tu.

— Hata mimi, mwanangu?

— Hata wewe, mama.

Mama akawekewa kiti nje ya geti, na alishangilia kuliko wote waliokuwa ndani.