Bramble Kashinda, Verity Analia

"Shangilia basi, mama! Farasi wako kashinda!"

Mzee mmoja mwenye kofia alikuwa akimpigapiga Verity Maltby begani kwa furaha. Verity hata hakumsikia. Macho yalikuwa kwenye kijitabu cha mbio za farasi za Yarmouth, Uingereza, ukurasa ambao ndiyo kwanza ausome: mshindi wa mbio hizi hupigwa mnada papo hapo.

Akamgeukia mumewe.

"Giles! Umemwandikisha Bramble mbio za mnada?"

"Nilidhani atashika mkia, kama siku zote."

"Mbona hukuniambia?"

"Mambo ya kuandikisha si uliniachia mimi?"

Kweli alimwachia. Alimwachia na mengine yote, maana Verity akipenda hana akiba. Mtoto hawakujaliwa. Walijaliwa Bramble, aliyefiwa na mama yake siku ya kuzaliwa, Verity akamlea kwa chupa, akamdekeza kwa peremende mpaka farasi akawa anampekua mifuko. Mbio hakuwa anaziweza, maskini. Ndiyo maana wiki ile Verity alimwomba mkufunzi kwa siri amvalishe vizibo vya pembeni mwa macho, asibabaishwe na wenzake, ashinde walau mara moja. Ilikuwa zawadi yake kwa Giles, ya kumbukumbu ya ndoa yao.

"Haya, usihofu," Verity akasema. "Tutamnunua wenyewe. Si inaruhusiwa?"

Giles akajikuna shingo. Verity akapiga simu benki. Benki yao haina foleni wala dirisha. Ni ya matajiri na wenye farasi wa mbio, na akaunti yao ya hundi ndiyo iliyobeba kila kitu cha Bramble, kuanzia ada ya mkufunzi hadi majani.

"Bwana Pargeter, ni Verity Maltby. Nataka kumnunua Bramble mnadani, sasa hivi."

"Bi Maltby, fedha zipo. Ila..." Mtu wa benki akakohoa.

"Ila nini, baba? Sema, wanaanza!"

"Malipo haya yanataka idhini yenu wote wawili. Na asubuhi Bwana Maltby ametuandikia. Nilidhani mmekubaliana."

"Kaandika nini?"

"Kwamba Bramble akinunuliwa na mtu mwingine leo, akaunti yenu ya pamoja ifungwe, kila mtu afunguliwe yake. Mkiwa bado na farasi wa pamoja haifungiki. Samahani sana, Bi Maltby."

Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe ndiyo hii aliyoipiga pasi asubuhi, koti la Giles la kijani.

Mnadi akapanda jukwaani. Bramble akazungushwa, jasho likimtiririka, masikio yamesimama kwa majivuno.

"Pauni elfu nne! Nani ataongeza?"

"Ni nani, Giles?" Verity akanong'ona. "Huyo mwanamke ni nani?"

"Hakuna mwanamke."

"Usinifanye mtoto!"

"Hakuna, Verity. Nimechoka tu."

Afadhali angekuwepo. Mwanamke unaweza kumtukana, unaweza hata kumshinda. Kuchoka utakushinda kwa lipi?

"Elfu tano! Yule bwana wa Yorkshire!"

"Ungeniambia tu."

"Nilishindwa. Kila nikifungua mdomo unanimiminia chai." Giles alikuwa analia sasa, mwanamume mzima mbele za watu. "Nikajisemea, nitamwachia Bramble aamue. Akishindwa, hatapigwa mnada, tutarudi naye nyumbani, nami nitabaki. Nitabaki kweli. Akishinda, basi."

"Kwa hiyo ulinichezea kamari?"

"Alikuwa hajawahi kushinda! Sijui leo kaingiwa na nini."

Verity alijua. Alifungua mdomo amwambie habari ya vizibo, akaufunga. Ingesaidia nini? Mapenzi yake mwenyewe ndiyo yaliyomfikisha farasi mbele.

"Elfu sita! Mara ya kwanza!"

"Giles, inua mkono."

"Verity..."

"Mume wangu, nakuomba. Sikuombi unipende. Inua mkono tu."

"Mara ya pili!"

Giles akaitia mikono yote miwili mifukoni. Nyundo ikagonga.

Bwana wa Yorkshire akaja na hatamu yake mwenyewe, mtu mpole, uso mwekundu. Bramble akampita, akaja moja kwa moja kwa Verity, akaingiza pua mfukoni mwake. Verity akatoa pakiti nzima ya peremende, akamkabidhi yule bwana.

"Moja asubuhi, moja jioni. Na mlango wa juu wa banda usimfungie, tafadhali. Hulia asipoona mtu."

"Nitamtunza, mama."

"Najua."

Wakamwongoza Bramble kwenye gari. Aligeuka mara moja, akalia, akapandishwa.

Simu ya Verity ikatetemeka. Ujumbe wa benki, ule unaojituma wenyewe farasi wa mteja akishinda. Akausoma, akampa Giles.

"Soma. Kwa sauti."

Giles akafuta macho.

"'Hongereni, Bwana na Bibi Maltby, kwa ushindi wa kwanza wa Bramble. Tunawatakia mengine mengi, pamoja.'"

"Mjibu mtu wa benki," Verity akasema, akifunga vifungo vya koti lake. "Mwambie nimekubali, aifunge akaunti."

Akaondoka kuelekea kituo cha treni, na Giles hakumfuata.