Mlango Katika Wimbo wa Saba

"Rudisha nyuma kidogo."

"Verlene, hii ni mara ya tatu. Maharage yanaungua!"

"Rudisha, dada."

Nadine akafuta mikono kwenye aproni, akainua sindano ya santuri na kuirudisha mwanzo wa wimbo wa saba. Gita likaanza tena, kavu, lenye mikwaruzo. Sauti ya Coy Stidham ikafuata, nzito kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Albamu nzima ilikuwa hivyo: mtu mmoja, gita moja, maikrofoni moja juu ya meza ya jikoni, na hakuna kilichosafishwa.

Santuri ilifika kwa posta asubuhi ile. Ujumbe wa Coy ulikuwa umetangulia kwenye simu: "Isikilize yote, mpenzi. Halafu urudi nyumbani."

Na Verlene alikuwa anarudi kweli. Begi lake lilikuwa tayari mlangoni. Alimwacha Coy miezi kumi na minne iliyopita, siku mbili baada ya mumewe huyo kukosa maziko ya mama mkwe wake ili akaimbe kwenye baa moja huko Lexington. Kilichomlainisha moyo ni maneno ambayo Coy aliyarudia kila alipopiga simu: "Siku ile nililitupa gita, Verlene. Nikakukimbilia mpaka kwenye sanduku la barua kule barabarani. Nikakuta vumbi lako tu."

Sasa, ndani ya santuri, katikati ya ubeti wa pili, mlango wa wavu ukabamizwa. Paa! Viatu vikashuka ngazi za baraza.

"Nani huyo?" Nadine aliuliza.

"Mimi. Siku ile naondoka."

Injini ikakohoa, ikazima. Ikakohoa, ikazima. Mara nne.

"Eh! Si pikapu yako hiyo?"

"Nilikuwa nimekaa mle ndani nalia, dada. Betri inakufa, nami namwomba Mungu Coy atoke. Niliuangalia mlango ule mpaka macho yakauma."

Gita halikukosa hata pigo moja. Coy aliimba ubeti wa tatu, akaimba wa nne, akarudia kiitikio. Injini ikawaka na kupotelea bondeni, naye akaumalizia wimbo taratibu, bila sauti kutetemeka.

Nadine aligeuza jalada, akasoma karatasi iliyobandikwa nyuma.

"Wameandika hapa, 'Mlango ule ndio roho ya albamu hii.'"

"Roho!" Verlene alicheka kicheko cha nyongo, akachukua funguo.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Coy."

"Baada ya haya yote? Na begi?"

"Liache hapo hapo."

Coy alikuwa barazani, pekupeku, gita likining'inia kifuani kwa mkanda wake. Alipomwona akasimama, uso wote ukichanua.

"Umekuja! Umesikiliza?"

"Nimesikiliza. Siku ile ulikimbia mpaka wapi, Coy?"

"Mpaka kwenye sanduku la barua, si nilishakwambia..."

"Wimbo wa saba."

Tabasamu likamwishia mdomoni.

"Sikiliza, Verlene. Siku tatu nzima nilikuwa nautafuta wimbo ule. Ndiyo kwanza ulikuwa unatoka vizuri. Ningesimama, ungepotea."

"Na mimi?"

"Wewe nilijua utarudi."

"Basi ungeukata ule mlango. Nisingejua kamwe."

"Wa studio walisema niuache. Walisema ni ukweli mtupu."

"Hawakukosea. Ndio ukweli pekee ulioniambia tangu siku ile."

"Lakini albamu nzima ni yako! Kila wimbo!"

"Ni yako, Coy. Mimi nimo kama mlango tu."

Akashuka ngazi, akaingia kwenye pikapu, akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikazima. Akazungusha tena. Safari hii alisikia miguu ikikimbia juu ya kokoto.

"Verlene! Verlene, subiri!" Coy alifika dirishani akihema. "Nimekuja! Unaona? Leo nimekuja!"

Moyo wa Verlene ukayumba. Miezi kumi na minne alikuwa ameuota uso huu kwenye dirisha hili. Nusura aufungue mlango. Kisha macho yakashuka kifuani kwa Coy. Gita lilikuwa bado linaning'inia, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umelikumbatia lisije likagonga bati la gari.

"Hata leo, Coy," alisema polepole. "Hata leo hukulitua."

Injini ikawaka.

Kwenye sanduku la barua alisimamisha gari, akajifuta macho, akaandika ujumbe: "Dada, nibakizie maharage. Hata yale yaliyoungua."

Jibu likaja upesi: "Yapo. Na mkate wa mahindi wa moto. Njoo, mdogo wangu."